Usinitajie Jina, Nitajie Tukio

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, baada ya sala ya isha, kahawa ikishazunguka mara mbili na kashata zikaisha sahanini, mazungumzo hayakawii kufika kwenye muziki wa picha za sinema, na ni mtunzi gani aliye bora. Wazee wana Naushad na wana Shankar–Jaikishan. Rika langu tumegawanyika kati ya R. D. Burman na A. R. Rahman, Wahindi vilevile. Vijana wamekuja na Hans Zimmer wa Hollywood, na mmoja wao hutia simu ndani ya kikombe kitupu ili sauti itoke nene. Juzi kelele zilipanda hadi jirani akafungua dirisha la juu kutazama nani anapigana. Ami, mkubwa wetu pale, alikuwa amesema neno ambalo nimelisikia kwake tangu utotoni: "Muziki wa picha ni ule utokao nao mlangoni. Ukitoka senema huna kitu kinywani, jua hapakuwa na muziki mle."

Mimi hupiga fidla kwenye taarabu, na kwa miaka kadhaa sasa natunga muziki wa filamu fupi zinazopigwa hapa pwani. Neno la Ami najua lilikotoka na naliheshimu. Lakini ndilo linalotufanya tubishane usiku kucha bila kufika popote, kwa sababu linachanganya kazi mbili. Kuna kutunga wimbo utakaoishi nje ya picha, na kuna kutunga muziki utakaofanya kazi ndani yake. Mtu anaweza kuwa bingwa wa moja na ya pili ikamshinda.

Sisi Mombasa tulilelewa na kazi ya kwanza. Enzi za sinema za Regal, Naaz na Majestic, picha ya Kihindi ilikuwa inakwenda kusikizwa kama inavyokwenda kutazamwa, na mahadhi yake hayakuwa yakibaki sinema. Yalihamia harusini yakiwa na maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki 2014, aliifanya njia hiyo kuwa sanaa kamili: mahadhi ya Bombay, tabla na kinanda, na chini yake mashairi mazito, mengi yakiwa ya mshairi Ahmad Nassir. Wako waliomlaumu, na wako waliosimama upande wa Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyetoka Lamu, ambaye njia yake ilikuwa ya udi na mahadhi ya Kiarabu na ya pwani. Mabishano hayo yangalipo, na neno "kuiba" hutupwa kwa wepesi mno.

Anayelitupa hajawahi kuijaribu kazi yenyewe. Shairi letu lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8. Mahadhi ya Kihindi hayakukatwa kwa kipimo hicho. Tena Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo mahadhi yakiangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, neno linapinda na msikizaji anashtuka hata kama hajui kwa nini. Mwimbaji hana budi kuivuta irabu, kuikunja, kuichelewesha, mpaka pigo na mkazo vikutane. Nimekaa nyuma ya waimbaji walioweza na waliokuwa hawawezi. Tofauti huwa naisikia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Na hao Wahindi wenyewe walichukua kwa wengine. Ile "Mehbooba" ya picha ya Sholay ya mwaka 1975 mahadhi yake yametoka kwa mwimbaji Mgiriki, Demis Roussos. R. D. Burman akaianza kwa kupuliza midomo ya chupa, na leo hakuna anayeisikia kama mali ya Ugiriki.

Hayo ni ya wimbo. Sasa ile kazi ya pili, muziki unaopita chini ya maneno na nyuso, mara nyingi huko Bombay haifanywi na mtu yule yule. Picha ya Devdas ya 2002 tunaisifu kwa Ismail Darbar, na nyimbo nyingi kweli ni zake, lakini muziki wa chini ni wa Monty Sharma. Ukimsifu Darbar kwa sababu ulilia Devdas alipofika langoni kwa mpenzi wake Paro, huenda umemshukuru asiyehusika. Na wazee wanaomdharau Zimmer ati hafanyi kazi peke yake, ana kundi la wasaidizi, wakumbuke kwamba Shankar–Jaikishan walikuwa na Sebastian D'Souza, mtu wa Goa, India, aliyekuwa akipanga vyombo vyao na kuandika kila fidla ipige nini. Watunzi wengi wa zama zile hawakuwa wakiandika noti. Mafundi wa Goa ndio walioandika.

Ndiyo sababu nikisikia "fulani ni bora" huuliza: kwenye tukio gani? Na mtu akilitaja tukio, humuuliza la pili: pale muziki unajua nini? Unajua zaidi ya watu walio kwenye picha, unajua sawa na wao, au hawajaufikishia habari?

Chukua Jaws ya 1975, picha ya papa anayekula watu. Mtunzi wake, John Williams, amempa papa huyo noti mbili tu, zilizokaribiana kabisa, zinazorudi na kurudi chini kwenye vyombo vizito. Alipompigia mwelekezi Steven Spielberg kwenye piano mara ya kwanza, Spielberg alicheka, akidhani ni mzaha. Wengi wanajua noti hizo huleta hofu. Jambo la kutazama ni pale zisipopigwa. Watoto wawili wanawatisha watu ufukweni kwa pezi la bandia, mbio, mayowe, na noti mbili hazisikiki. Papa hayupo, na muziki unajua hayupo. Mtazamaji anajifunza bila kuambiwa kwamba muziki huu hausemi uongo. Kisha, baadaye sana, papa anainuka nyuma ya mashua bila noti hata moja kutangulia, na mtu anaruka kitini, kwa sababu shahidi aliyemwamini saa nzima amekaa kimya. Hakuna wimbo wa kutoka nao mlangoni hapo. Kuna akili kubwa sana.

Kwa mpiga fidla kama mimi, mwalimu mwingine ni mtunzi Bernard Herrmann. Psycho, 1960: vyombo vya nyuzi peke yake, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Mwelekezi Alfred Hitchcock alitaka lile tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki kabisa. Herrmann akatunga hata hivyo, Hitchcock akasikia, akageuza kauli. Taarabu imetufundisha fidla iige koo la mwimbaji: ivute, ilie, ipambe. Herrmann ameinyima koo. Kila noti ina mvuto wake wa upinde, mfupi, mkali, juu kabisa, tena na tena. Niliwahi kukaa chumbani nikajaribu kuzipiga hizo noti, na mkono ulikataa, umezoea kubembeleza.

Kosa langu kubwa lilitoka kwenye mazoea hayo hayo. Nilipewa filamu fupi ya dakika 14. Mama mmoja anamngoja mwanawe aliyekwenda kuvua na hajarudi. Yuko ukumbini, amepakata uteo, anachagua mchele. Mlango unafunguka, jirani anaingia ameshika kofia ya yule kijana. Basi. Hakuna anayesema neno. Nilipoliona tukio lile nilitokwa na machozi, na nikaenda moja kwa moja kwenye fidla. Nikatunga kitu cha huzuni, polepole, kikianza tangu mama aliposhika uteo. Nilikipenda mno.

Siku ya kuionyesha nilikaa safu ya mwisho. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja mtu mzima na mjukuu wake. Mama kwenye picha alikuwa bado anachagua mchele, mlango umefungwa, na bibi akamwambia mjukuu kwa sauti ya chini kabisa: "Keshakufa huyo."

Fidla yangu ndiyo iliyompa habari. Mlango ulipofunguka, ukumbi mzima ulikuwa umeshazika. Kofia ilipita bure.

Nilimwomba mwelekezi aniruhusu nirudie, akakubali. Nilitoa fidla yote. Nikaacha sauti ya mchele kwenye uteo, ile khash, khash, ambayo nilikuwa nimeifunika. Halafu nikaweka harusi mtaa wa pili: ngoma na mahadhi ya furaha, yanasikika kwa mbali, yamepita kwenye kuta na vichochoro. Mapigo 96 kwa dakika. Nilipima kwa kompyuta: tangu mama anaposhika uteo mpaka mlango unapofunguka ni sekunde 17 na nusu. Kwa mwendo ule hiyo ni mapigo 28 kamili, mafungu 7 ya manne manne. Kwa hivyo mahadhi ya harusi yanamaliza mshororo wake wakati ule ule komeo linapovutwa, kunapita pumzi, na harusi inaanza mshororo unaofuata. Jirani amesimama na kofia, na kule nje wanaendelea kupiga vigelegele. Harusi haina habari.

Watu wengi hawakugundua kwamba mle mna kazi ya mtunzi. Walidhani ni kelele za mtaani zilizonaswa na maikrofoni. Ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote nilizowahi kufanya.

Vijana wa Zimmer nawapa haki yao. Kabla ya Interstellar ya 2014, mwelekezi Christopher Nolan alimpa ukurasa mmoja tu wa maandishi kuhusu mzazi na mtoto, hakumwambia habari za anga wala vyombo vya angani. Zimmer akatunga kwenye piano kitu kidogo cha baba na mwanawe, na kinanda kikubwa cha kanisa kilichokuja kutikisa kumbi kimejengwa juu ya kitu hicho. Tatizo ni kwamba kijana wetu wa kikombe hutuchezea ile sehemu ya mtikisiko peke yake.

Kuna wimbo mmoja ambao kila nikiutaja barazani hunyamazisha pande zote. The Constant Gardener, 2005, imepigwa kwa sehemu kubwa hapa Kenya. Muziki wake umetungwa na Alberto Iglesias wa Uhispania, lakini ndani yake mna "Kothbiro" ya Ayub Ogada. Wengi wetu humdhani ni mtu wa Kisumu tu kwa sababu ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na lugha. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1956, akafariki 2019. Alikuwa hata ameigiza kwenye Out of Africa ya 1985. "Kothbiro" ilikuwa tayari imetoka kwenye albamu yake ya 1993, miaka 12 kabla ya filamu. Inasema mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Haijui chochote kuhusu hadithi ya filamu ile, kampuni za dawa, wala mabalozi, wala mwanamke aliyeuawa. Nyatiti inazunguka pale pale, sauti haipandi kutafuta machozi, na mtazamaji anayejua yote hayo anasikia mtu akiwaza mifugo yake na wingu. Ni harusi yangu ya mtaa wa pili, ila yeye aliifikia kwa njia ya juu zaidi na bila kupima sekunde.

Linganisha na John Barry, mtunzi wa muziki wa hiyo hiyo Out of Africa. Nyuzi zake ni nzuri, zilimpa Oscar, na mimi mwenyewe nimezicheza. Lakini zinaitazama nchi kutoka kwenye ndege. Walio chini ni rangi za mandhari. Kwa filamu ile, inayosimuliwa na mgeni, labda ndivyo ilivyopasa. Mimi nikiisikia huwa natamani ishuke.

Basi juzi, jirani alipofunga dirisha lake, nilimgeukia Ami. Nikamwambia, "Ami, niwie radhi. Wimbo uweke kando kidogo. Nitajie tukio moja ambalo hapana aimbaye, na muziki wake hujausahau."

Alikaa kimya muda mrefu. Muuza kahawa akakusanya vikombe vyake, kikiwemo kile chenye simu, kijana akaiwahi.

"Taa," Ami akasema. "Yule mjane azima taa, moja baada ya nyingine, kule juu barazani kwao. Na yule kijana amekaa chini kizani apuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani."

"Sholay," nikasema.

"Sholay."

"Si Naushad huyo, Ami. Ni Burman mdogo."

"Namjua ni nani." Akanyoosha mkono kwa kijana. "Hebu itafute hiyo, mwanangu."

Tukainamisha vichwa saba juu ya kioo kidogo. Jaya Bhaduri akapunguza utambi wa taa ya kwanza, Amitabh Bachchan akapuliza, na kijana, ambaye hakuwa ameiona picha hiyo hata siku moja, akauliza kama hawa wameshaambiana. Ami akamwekea mkono begani anyamaze. Taa ya mwisho ikazimika.

"Rudisha," Ami akasema. "Rudisha pale kwenye taa ya kwanza."