Masterda na ghala la silaha la Chittagong

Hadithi inayosimuliwa sana kuhusu Surya Sen, mwalimu wa shule aliyeongoza uvamizi wa maghala ya silaha mjini Chittagong, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, ni kwamba usiku mmoja vijana wake waliteka silaha za Waingereza na kuwageuzia wenyewe. Si yote ni kweli.

Sen alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Noapara, Bengali ya mashariki, leo ni Bangladesh. Alifundisha hesabu, na wanafunzi wakamwita Masterda, yaani kaka mwalimu. Hakuwa mtu wa msituni tu: alikuwa pia kiongozi wa Congress, chama kilichodai uhuru wa India, mkoani kwake, akihutubia na kupanga mikutano hadharani.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1930, vijana wapatao 65 waligawana kazi. Nyaya za simu na telegrafu zilikatwa, reli ikang'olewa. Kundi moja likateka ghala la polisi. Jingine likavunja ghala la kikosi cha akiba, likakuta bunduki za rashasha lakini risasi zake hazikuonekana. Silaha nzito namna ile bila risasi ni chuma tu, na hapo mpango mkubwa ukafa. Hata klabu ya Wazungu waliyotaka kuivamia ilikuwa tupu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa Kuu.

Wakapandisha bendera ya India, kisha wakakimbilia vilimani. Siku nne baadaye, kwenye kilima cha Jalalabad, wenzao 12 waliuawa. Sen alikamatwa Februari 1933, akanyongwa tarehe 12 Januari 1934.