Je, wajua kwa nini dawa za "miujiza" za Uingereza ziliuzwa shilingi 1 na peni 1½?

Ukifungua gazeti la Uingereza la miaka ya 1880, zama za Malkia Victoria, utakuta kurasa za matangazo zimejaa dawa: vidonge vya ini, dawa ya maji ya watoto wanaolia usiku, mafuta ya vidonda, dawa ya kusafisha damu. Majina ni mengi na magonjwa yanayotajwa ni mengi zaidi, lakini bei ni ile ile, shilingi 1 na peni 1½. Kopo kubwa kidogo ni shilingi 2 na peni 9, linalofuata ni shilingi 4 na peni 6, kisha shilingi 11. Wauzaji hao walikuwa mahasimu wakubwa na hawakukaa kikao kupatana bei. Waliopanga ngazi hizo ni watoza ushuru.

Tangu 1783 dawa za namna hii zilitozwa kodi ya stempu, na sheria ya 1812 ikaweka viwango vilivyodumu karne nzima. Dawa isiyozidi shilingi 1 ilibandikwa stempu ya peni 1½. Isiyozidi shilingi 2 na nusu, peni 3. Isiyozidi shilingi 4, peni 6. Isiyozidi shilingi 10, shilingi nzima. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo ukijumlisha bei na kodi unapata namba zile zile za gazetini.

Stempu yenyewe ilikuwa ukanda wa karatasi uliopita juu ya kifuniko, hata usingeweza kufungua kopo bila kuuchana. Mteja aliyeona karatasi ya serikali imezibia dawa alifikiri serikali imeikagua. Haikuwa imekagua chochote. Mfamasia aliyeuza dawa ya kawaida, yenye viambato vinavyojulikana na isiyodaiwa kuwa mali ya mtu, hakudaiwa kodi hiyo. Aliyelipa ni yule aliyeuza siri, au aliyedai kuwa dawa ni yake peke yake. Watengenezaji wakubwa waliruhusiwa hata kuchapa majina yao kwenye stempu, kisha wakamwambia mnunuzi gazetini ahakikishe jina lipo, kwa kuwa kughushi stempu ya serikali ni kosa la jinai. Baadaye mamlaka ya kodi ilichapa kwenye stempu maneno ya kukana kwamba ni dhamana ya serikali, lakini nani husoma maandishi madogo ya stempu?

Dawa hizi huitwa dawa za hataza, yaani zenye haki ya kisheria ya kutengenezwa na mwenyewe peke yake, ingawa nyingi hazikuwahi kuwa na hataza. Ili upewe hataza ulitakiwa ueleze wazi umechanganya nini, na baada ya miaka 14 kila mtu angeruhusiwa kuiga. Mwenye biashara aliona afadhali afiche mchanganyiko na alinde jina.

Ndani ya kidonge

Thomas Beecham, aliyechunga kondoo utotoni, alianza kuuza vidonge masokoni Lancashire katika miaka ya 1840, kisha akahamia St Helens na kujenga kiwanda. Kaulimbiu yake ilisema kopo moja lina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Namba hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, maana madaktari wa watu wenye uwezo walitoza kwa gini, wakati kibarua wa shambani alipata shilingi 10 hadi 15 kwa wiki.

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchambuzi wa dawa za siri zilizokuwa sokoni. Kidonge cha Beecham kilikutwa na vitu vitatu: shubiri kama nusu greni (miligramu 32), tangawizi ya unga zaidi kidogo ya hapo, na sabuni ya unga chini ya robo greni. Kopo lilikuwa na vidonge 56. Viambato vyote vya kopo zima viligharimu takriban sehemu moja ya nane ya peni. Hata ukiiondoa kodi ya stempu, mteja alilipa mara 96 ya thamani ya kilichomo.

Kila kiambato kilikuwa na kazi yake. Shubiri ni utomvu mchungu wa majani yaliyokatwa, uliochemshwa mpaka ukaganda kuwa mabonge ya kahawia iliyokoza. Madukani London iliuzwa kwa asili yake: ya Barbados, ya Rasi ya Tumaini Jema, ya Sokotra, na ile iliyojulikana kama shubiri ya Zanzibar, iliyopitia bandari yetu na kufika imefungwa kwenye ngozi za wanyama. Tangawizi ilipunguza msokoto wa tumbo unaoletwa na shubiri. Sabuni ilishikanisha unga na kusaidia kidonge kiyeyuke tumboni.

Utengenezaji wake haukuwa na siri. Unga ulikandwa na maji kidogo au asali ya sukari hadi ukawa donge gumu, ukaviringishwa kwenye ubao kuwa kamba nyembamba, ukalazwa juu ya shaba yenye mifereji na kukatwa vipande sawa, kisha kila kipande kikazungushwa kiwe duara na kunyunyiziwa unga wa urukususu kisigande. Donge likizidi maji, vidonge hulala na kuwa bapa. Likipungua maji, humeguka. Vikikaa miaka vikakauka sana, huweza kupita mwilini vikatoka vizima kama vilivyoingia. Kiwandani mashine zilifanya kazi hiyo hiyo kwa kasi zaidi.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea wakisema dawa hizi zilikuwa maji matupu. Kidonge cha shubiri na sabuni kilikuwamo katika orodha rasmi ya dawa za Uingereza, na daktari yeyote angeweza kukiandika. Kilifanya kazi: kiliharisha. Kemikali za shubiri hazisharabiwi tumboni, bali hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja. Kinachotokana nazo huuchokoza utumbo ujikaze na kuuzuia kufyonza maji. Hilo huchukua saa 8 hadi 12, kwa hiyo aliyemeza usiku aliona matokeo asubuhi. Tangazo la Beecham liliahidi nafuu ndani ya dakika 20, muda ambao shubiri haijafika popote.

Sasa soma magonjwa yaliyoorodheshwa katika tangazo hilo: gesi, tumbo kujaa baada ya kula, kichwa kuuma, kizunguzungu, kukosa hamu ya chakula, usingizi wa mang'amung'amu, ndoto za kutisha. Mengi yake ni dalili za mtu asiyepata choo, na mji wa viwanda uliojaa watu wanaokula mkate, viazi na chai kila siku ulikuwa na watu wengi wa aina hiyo. Walipata nafuu ya kweli. Mwandishi wa tangazo alichofanya ni kuyaita malalamiko hayo ugonjwa wa ini, wa neva na wa damu, halafu akaongeza kiseyeye na upungufu wa pumzi, ambavyo shubiri haina la kuvifanya.

Madhara yalianzia hapo hapo. Utumbo uliokombwa wote hukaa siku moja au mbili bila choo, jambo la kawaida kabisa, ila mtumiaji huona tatizo limerudi na kumeza tena. Miezi ikipita, mwili hupoteza maji na potasiamu, na misuli hulegea. Mwenye maumivu ya kidole tumbo akipewa dawa ya kuharisha, kidole tumbo huweza kupasuka. Hatari zaidi ilikuwa mafundisho ya James Morison, aliyeuza vidonge vyake vya mimea tangu miaka ya 1820 akidai magonjwa yote hutokana na uchafu wa damu. Kwake, mgonjwa asipopona ameze vingi zaidi. Walikuwapo waliomeza kwa makumi kwa siku, baadhi wakafa, na wauzaji wakafikishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia.

Chupa

Vidonge vilifungua tumbo, chupa ikalifunga. Chlorodyne, iliyobuniwa na John Collis Browne, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, mwaka 1848, ilikuwa na afyuni, bangi na klorofomu. Kwa kikohozi na kuhara ilisaidia kweli, kwa sababu afyuni hupunguza mwendo wa utumbo na kutuliza kikohozi. Ila iliuzwa pia kwa kipindupindu, ambacho humuua mtu kwa kumkausha maji, na afyuni hairudishi maji yaliyopotea. Sheria ya 1868 iliwalazimisha wauzaji wa sumu kuweka lebo ya sumu na kuyaacha mauzo yake kwa wafamasia peke yao, lakini ikazisamehe dawa za hataza. Kwa miaka zaidi ya 20 afyuni ya mfamasia ilikuwa sumu, na afyuni ya dawa ya siri ilikuwa bidhaa ya dukani kama chai.

Walioumia zaidi ni watoto wachanga. Godfrey's Cordial ilikuwa afyuni ndani ya molasi na viungo, na kila duka liliichanganya kwa nguvu yake. Mama aliyezoea kijiko kimoja cha duka la mtaa wake angeweza kumuua mtoto kwa kijiko hicho hicho cha duka la mtaa wa pili. Hata pasipo kuzidisha, mtoto aliyelazwa na afyuni kutwa nzima, mama akiwa kiwandani, hakulia njaa wala hakunyonya, akakonda mpaka akafa. Kwenye cheti cha kifo afyuni haikutajwa.

Marekani kulikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyotoka Bangor, Maine, mwaka 1849. Ilikuwa na mofini takriban miligramu 65 katika kila aunsi ya maji, sawa na mililita 30. Nusu kijiko cha chai ni miligramu 5 na zaidi. Leo hospitalini, dozi ya mofini ya kumeza kwa mtoto wa kilo 6 haifiki miligramu 1.

Pombe nayo ilikuwa na soko lake. Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, aliwauzia wanawake kuanzia 1875 dawa yenye kileo cha karibu asilimia 18, nguvu inayozidi ya mvinyo, na wanunuzi wengi walikuwa waumini walioapa kutogusa pombe.

Mpira wa moshi

Watengenezaji waliahidi watakavyo kwa sababu ahadi ya gazetini ilichukuliwa kuwa porojo za biashara. Hilo lilikwama mwaka 1892.

Kifaa kilichokwamisha kiliitwa Carbolic Smoke Ball. Kilikuwa mpira wenye mrija, ndani mna unga wa asidi ya kaboliki. Unaingiza mrija puani, unaminya mpira, unga unatoka kama moshi. Pua inachuruzika na unapiga chafya, na hapo ulitakiwa uamini kuwa ugonjwa unatoka. Uliuzwa shilingi 10, wakati Ulaya ikiwa bado katika janga la homa ya mafua lililoanza 1889. Tangazo la Novemba 1891 liliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeugua homa hiyo baada ya kutumia mpira mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na likasema pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha ukweli wa kampuni.

Louisa Carlill alifuata maelekezo kuanzia Novemba 20, 1891. Januari 17, 1892 akaugua. Kampuni ilijitetea kuwa hakuna mtu anayeingia mkataba na dunia nzima, na kwamba mama huyo hakuwahi kuwajulisha kuwa amekubali. Mahakama ya Rufaa ilijibu mnamo Desemba 1892 kwamba aliyetangaza kuwa fedha ziko benki hawezi kusema alikuwa anatania, na kwamba kutimiza masharti ndiyo kukubali kwenyewe. Akalipwa. Wanafunzi wa sheria Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huisoma kesi hii katika masomo ya kwanza kabisa ya mikataba. Kampuni ilijaribu tena kwa tangazo la pauni 200, safari hii likiwa limezungushiwa masharti. Mama Carlill alifariki 1942 akiwa na miaka 96.

Kesi hiyo ilimbana aliyeahidi fedha, haikumgusa aliyeahidi uponyaji. Magazeti hayakuwa na haraka ya kusema, kwa kuwa kodi ya matangazo ilifutwa 1853 na matangazo ya dawa ndiyo yaliyokuwa yakiyalisha. Thomas Holloway, wa vidonge na mafuta, inasemekana alifikia kutumia pauni 50,000 kwa mwaka kwa matangazo, na bado akabakiwa na fedha za kujenga chuo cha wanawake ambacho Malkia Victoria alikifungua mwenyewe 1886. Marekani ilitangulia kwa sheria ya 1906 iliyolazimisha lebo kutaja kileo, afyuni, kokeini na dawa nyingine chache. Uingereza iliunda kamati ya Bunge, ikafanya kazi miaka miwili, na ripoti yake ikatoka Agosti 4, 1914, siku nchi ilipoingia vitani. Ikawekwa kabatini. Kodi ya stempu ilifutwa na sheria ya 1941, sheria hiyo hiyo iliyowalazimisha watengenezaji kutaja kilichomo.

Beecham ilikuwa imeshakuwa kampuni kubwa yenye fedha za utafiti. Katika maabara yake ya Brockham Park, Surrey, mwaka 1957 watafiti walitenga kiini cha molekuli ya penisilini, na kutokana nacho ikaja ampisilini 1961 na amoksilini 1972, hii inayopatikana leo katika karibu kila duka la dawa Afrika Mashariki. Vidonge vya shubiri havikuondolewa kiwandani hadi 1998, kwa hiyo kwa miaka 26 jina la Beecham lilisimama nyuma ya dawa zote mbili.