Je, wajua malmsey ni divai gani, na jina hilo lilitoka wapi?

Ukisoma historia ya wafalme wa Uingereza, au ukipitia orodha ya vinywaji ya hoteli kubwa, huenda ukakutana na neno malmsey. Siku hizi lina maana moja mahususi: divai tamu kupita zote za kisiwa cha Madeira, Ureno, inayotengenezwa kwa zabibu za aina ya Malvasia. Hunywewa baada ya chakula, kwa glasi ndogo, pamoja na keki, lozi au chokoleti. Lakini neno hilo ni la zamani kuliko mizabibu ya Madeira yenyewe.

Lilianza kama jina la bandari. Monemvasia ni mji wa Wagiriki uliojengwa kwenye jabali la pwani, kusini-mashariki mwa rasi ya Peloponnese. Maana ya jina lake ni "njia moja ya kuingilia", kwa kuwa jabali hilo limeungana na bara kwa kijia kimoja chembamba. Divai tamu zilizopitia huko katika Enzi za Kati zilichukua jina la bandari, kama kahawa ya mocha ilivyochukua jina la bandari ya Mokha kule Yemen. Waitalia wakatamka malvasia, Wafaransa malvoisie, Waingereza malmsey.

Baadaye sehemu kubwa ya divai iliyoitwa hivyo haikutoka Monemvasia kabisa, ilitoka Krete, kisiwa kilichotawaliwa na Venice kwa karne nyingi hadi 1669. Mjini Venice vilabu vilivyouza divai hiyo viliitwa malvasie, na hata leo utakuta vichochoro ambavyo jina hilo limeandikwa ukutani.

Utamu ule ulikuwa na kazi. Zabibu zilianikwa juani baada ya kuvunwa, maji yakapungua, sukari ikabaki imekolea. Hamira huigeuza sukari kuwa kileo, lakini kileo kikizidi hamira yenyewe hufa, na sukari iliyosalia ndiyo utamu anaousikia mnywaji. Divai hafifu ingeweza kugeuka siki baharini. Hii, kwa wingi wa sukari na kileo, ilivumilia safari ndefu hadi London, na kwa sababu hiyo ikawa kinywaji cha wakubwa. Inasimuliwa kwamba George, Mtawala wa Clarence, nduguye Mfalme Edward IV, aliyeuawa katika Mnara wa London mwezi Februari 1478, alizamishwa ndani ya pipa la malmsey. Kisa hicho hakijathibitishwa, ila kimelifanya neno lisisahaulike kwa Waingereza.

Wareno walipoanza kuilima Madeira katika karne ya 15, walipeleka huko mizabibu ya Malvasia. Hapo maana ikahama tena: jina la bandari, ambalo lilikuwa limekuwa jina la divai, sasa likawa jina la mmea. (Wareno haohao ndio waliotuachia sisi neno mvinyo, kutoka vinho yao.)

Malmsey ya Madeira haitegemei kuanika zabibu. Juisi huachwa ichachuke kidogo tu, kisha humiminiwa pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu. Hamira hufa papo hapo na sukari nyingi ya tunda hubaki. Halafu divai hupikwa kwa joto la taratibu, jambo ambalo lingeharibu divai karibu nyingine zote. Walijifunza hili kwa meli: mapipa yaliyovuka tropiki yakarudi kisiwani yalionekana kuwa na ladha bora kuliko yaliyobaki ghalani. Siku hizi divai ya bei nafuu hupashwa moto kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ile bora hukaa kwenye mapipa juu ya dari zenye joto la jua, miaka na miaka, mpaka inakuwa na rangi ya kahawia na harufu ya sukari iliyoungua. Kwa kuwa imekwisha kupitia joto na hewa, chupa iliyofunguliwa hudumu miezi kadhaa bila kuharibika.

Jina hili limewahi kutumiwa vibaya. Ukungu uliovamia mizabibu ya Madeira mwanzoni mwa miaka ya 1850, na baada yake kidudu cha filoksera, vilikaribia kuimaliza Malvasia. Wauzaji wakaendelea kubandika jina malmsey kwenye divai za zabibu nyingine. Ureno ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 sheria ilikazwa: lebo ikitaja aina ya zabibu, angalau asilimia 85 ya divai lazima itoke kwenye zabibu hiyo.

Kwa hiyo si kila divai tamu ni malmsey. Divai tamu ya Dodoma ibaki na jina lake. Chupa ya Italia iliyoandikwa Malvasia inaweza kuwa kavu kabisa, kwa sababu pale neno hutaja zabibu tu. Na katika jimbo la Valais, Uswisi, ukiagiza Malvoisie utaletewa divai ya Pinot Gris, zabibu isiyo na undugu wowote na Malvasia.