Je, wajua kwa nini jina "Nanyumbu" linaweza kumchenga mwandishi wa msimbo wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta?

Ingia steshenari yoyote ya Mtwara mjini yenye kompyuta ya Linux, chomeka flashi, kisha andika amri ya dmesg. Utaona mstari wenye jina la mtengenezaji, modeli na toleo. Kwa kanuni za SCSI, yaani za mawasiliano kati ya kompyuta na diski, ambazo hata flashi huzifuata, mtengenezaji ametengewa baiti 8 (baiti moja kwa herufi moja), modeli 16 na toleo 4. Jina likiwa fupi, kilichobaki hujazwa nafasi tupu. "Kingston" lina herufi 8, limejaa pomoni. "DataTraveler 3.0" nayo, ukihesabu na ile nafasi ya katikati, ni 16 kamili.

Shida inaanzia kwenye lugha ya C, iliyotumika kuandika kiini cha Linux (kernel). C haijui neno lina urefu gani. Husoma herufi moja baada ya nyingine hadi ikutane na baiti ya sifuri. Hiyo ndiyo bikoni yake. Bikoni isipokuwepo, inafanya kama mwokota korosho aliyeinamisha kichwa: anashtuka yuko shamba la jirani. Na ndani ya kiini, kwa jirani kunaweza kuwa na siri za watu.

Tuyatie majina ya wilaya za kwetu kwenye visanduku 8, yaani baiti 8, kwa kutumia strncpy, amri ya C ya kunakili maneno. Masasi ina herufi 6. Visanduku viwili vya mwisho vinapata sifuri, salama. Nachingwea ina 10, hukatwa ikabaki "Nachingw", na hupewi taarifa yoyote. Lakini angalau hiyo utaiona kwa macho. Nanyumbu ndiyo yenye hila: herufi 8, jina limeingia zima, ila sifuri imekosa pa kukaa.

Ndiyo maana mwaka 2015 Linux ikapata strscpy, ambayo huweka sifuri daima na kurudisha kosa la E2BIG neno lisipoenea. Ndugu yake strlcpy, aliyekuwa akisoma neno la chanzo hadi mwisho hata pale nafasi ilipokuwa imeshajaa, aliondolewa kabisa mwaka 2024.

Basi tubadilishe strncpy zote, yaishe? Wenye haraka hufanya hivyo, na kwenye msimbo wa diski ndipo wanapoharibu. Visanduku vile 8 vya SCSI havitaki sifuri. Ukitumia strscpy, kiini kinaandika "Nanyumb", na kisanduku cha mwisho kinapewa sifuri ambayo kanuni haikuiomba. Hapo strncpy ya zamani ilikuwa inaiacha herufi u mahali pake, ingawa Masasi ingeijaza sifuri badala ya nafasi tupu.

Kwa kazi hiyo ipo strtomem_pad: huandika bila bikoni, na kilichobaki inakijaza kwa alama uliyoichagua. Ukirudi upande wa pili, kutoka visanduku vya diski kwenda neno la kawaida la C, ipo memtostr, ila neno hilo litengewe baiti 9, vinginevyo u inapotea tena.

Kwa hiyo mkaguzi wa msimbo anaweza kukaa nusu saa kwenye mstari mmoja, akifuatilia nani atakayesoma zile baiti: ni diski, au ni programu inayosubiri sifuri? Kiraka (badiliko la msimbo lililoletwa kukaguliwa) kilichoandikwa tu "nimeondoa strncpy" mimi ningekirudisha kwa mwenyewe, anijibu hilo kwanza.