Treni ya serikali ina thamani gani? Maana ya kuthamini mali za reli

Watu huwa wanauliza, hivi ile Mchongoko, treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), ni shilingi ngapi, wakitajiwa bei iliyonunuliwa wanaridhika. Kumbe bei ya kununulia ni kitu kimoja na thamani ni kitu kingine, na kwenye mali za reli za umma hivyo viwili vinaachana mapema sana.

Kuthamini mali ya reli ni kukadiria leo hii, sio siku ya manunuzi, kwamba vichwa, mabehewa, karakana, stesheni na njia yenyewe pamoja na madaraja yake viandikwe shilingi ngapi kwenye vitabu vya shirika. Gari lako ni rahisi, unapita yadi mbili tatu unaona IST ya mwaka huohuo wanaiuzaje. Sasa karakana ya treni nani anauza? Na mabehewa je? Reli ya kati ya zamani, ile Mjerumani alianza kuijenga 1905 ikafika Kigoma 1914, upana wake ni milimita 1,000, TAZARA ile ya kwenda Zambia 1,067, SGR ile reli mpya ya kisasa 1,435, yaani nchi moja na treni haziingiliani, ndo maana pale Kidatu, reli ya kati inapokutana na TAZARA, mzigo unashushwa kwenye treni hii unapakiwa kwenye ile, kwahiyo hata ukiamua kuuza behewa wateja ni wa kuhesabu, wakikosekana umebaki na bei ya chuma chakavu.

Basi wathamini wengi wanashika njia nyingine, wanajiuliza hiki kitu kikipotea leo, kupata kingine cha kufanya kazi ileile ni kiasi gani, halafu wanatoa uchakavu. Tuseme behewa jipya ni bilioni 2 na linaishi miaka 40, lako lina miaka 30, imebaki robo, milioni 500. Hesabu ya dukani kabisa! Ugumu uko kwenye hiyo 40, maana behewa lililofanyiwa ukarabati mkubwa linaongezewa maisha, na lile lililotelekezwa linakufa kabla ya siku zake huku kitabuni bado linasomeka zima. Mthamini ambaye hajashuka karakana akainama kuangalia magurudumu na breki, mi namwona kama anakopi orodha ya mwaka jana tu.

Ardhi nayo ina mambo yake. Jengo la stesheni linachakaa, kiwanja hakichakai, na stesheni nyingi za zamani ziko katikati ya mji kabisa. Je kiwanja kile ukipige bei kama cha kujengea ghorofa la maduka? Hapo wanabishana sana, ila kwangu kiwanja ambacho huwezi kukiuza bila kukata reli hiyo bei ya ghorofa ni ya kwenye karatasi.

Njia ya tatu ndo yenye vituko, unathamini kwa pesa ambayo mali itaingiza miaka ijayo. Treni nyingi za abiria nauli pekee haitoshi, serikali inaongezea, sasa ukipima kwa mapato thamani inaporomoka. Jimbo la New South Wales kule Australia lilianzisha shirika la kumiliki mali za reli mwaka 2020, linaitwa TAHE, na kwenye hesabu za 2020/21 wakahama kutoka njia ya gharama, ile ya kupata kingine ukatoa uchakavu, kwenda njia ya mapato, thamani ikapungua kama dola bilioni 20 za kwao. Hakuna treni iliyoibiwa wala daraja lililoanguka, na watu wa Sydney waliendelea kupanda treni zilezile kwenda kazini.

Na kama mali inauzwa kweli, makadirio ya mapato ndo kila kitu. Uingereza mwaka 1996 serikali iliuza Porterbrook, moja ya kampuni 3 zilizokuwa zinamiliki treni na kuzikodisha kwa waendeshaji, kwa pauni milioni 527, na hata mwaka haujaisha Stagecoach wakakubali kuinunua kwa milioni 825. Treni zilezile, waliozikodi walewale. Kilichobadilika ni nani anayekadiria ile mikataba ya kukodisha italipa kiasi gani, na kwa uhakika gani.