Sahani za Kunduchi

Kazi yangu ni vigae, yaani vipande vya vyungu, bakuli na sahani ambavyo wengine huvikanyaga bila kuangalia chini. Ndiyo maana mtu akiniuliza aende kula samaki wapi Dar es Salaam, namwambia Kunduchi, kisha namwomba kwanza apite makaburini. Wengi hucheka. Nikiwafikisha pale, wananyamaza.

Ukiiacha Barabara ya Bagamoyo na kushuka kuelekea pwani, unakuta magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16. Kuuzunguka yamelala makaburi, mengi ya karne ya 18 na 19, na baadhi yamesimamishiwa nguzo. Kwenye nguzo hizo mafundi walifanya jambo lililoenea pwani yetu: chokaa ikiwa bado mbichi, walikandamiza ndani yake bakuli au sahani ya kaure kutoka China, uso ukitazama nje, wakaiacha ishikwe na ukuta.

Nyingi leo hazipo. Kuna zilizong'olewa na wezi, na nyingine zimepasuka zenyewe. Kilichobaki ni shimo la mviringo lisilo na kina kirefu, na ukisogeza uso karibu jua likiwa la pembeni, unaona ndani yake duara dogo. Huo ni mchoro wa kitako cha bakuli. Bakuli limekwenda, chokaa imekumbuka. Mimi hupitisha kidole pale kila ninapokwenda, ingawa wanafunzi wangu nawakataza.

Watembeza wageni husema sahani zile zilikuwa za kuonyesha utajiri. Sawa, lakini jibu hilo linaniachia njaa. Tajiri angeweza kubandika chochote. Kwa nini chombo cha kulia?

Hapa vigae vinasaidia. Katika tabaka za udongo za zamani za miji ya Waswahili, za karne ya 7 hadi ya 10 hivi, vyombo vingi ni vyungu vyenye shingo, vya kupikia. Kuanzia karne ya 11 bakuli za midomo mipana zinaongezeka, za kufinyangwa hapahapa na za kuja na majahazi. Chungu hukaa jikoni. Bakuli pana hutoka kwenda kwa watu. Na Pemba, karibu na wakati huohuo, punje za mchele zilizoungua zinaongezeka kwenye majivu ya kale. Mtu anapakuliwa, mtu anakaribishwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliposhuka Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mti, na kando yake vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu pamoja na tangawizi. Yeye alikuwa mgeni tu, na bado chakula ndicho alichokiandika kwa kirefu.

Kwa hiyo ninaposimama mbele ya nguzo ile nasoma hivi: hapa amelala mtu aliyelisha watu. Ni maoni yangu, na wenzangu kadhaa hunibishia.

Kaure yenyewe ilikuwa adimu. Katika machimbo mengi ya kiakiolojia ya pwani, vyombo vya nje havifiki hata kumi kwa mia ya vigae vyote. Vilivyobaki ni kazi ya wafinyanzi wa hapa. Na si kwamba merikebu ya Kichina ilikuwa ikitia nanga Kunduchi. Bakuli lilipita mikono mingi, bandari za India na za Ghuba, kisha likaja na kaskazi pamoja na shehena nyingine. Baadaye, karne ya 19, sahani za viwanda vya Ulaya zenye maua ya kugongwa kwa sponji ziliingia kwa wingi pwani nzima, nyingi zikitoka Maastricht. Sahani nyeupe ilikuwa na kazi nyingine pia: aya huandikwa juu yake kwa zafarani, huoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe, na kombe ni jina la sahani kubwa vilevile.

Kumbuka pia kwamba Seyyid Majid, sultani wa Zanzibar, alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Kitongoji hiki kina umri mkubwa kuliko jiji lake.

Bahari nayo ina ulafi wake. Ufuo wa upande huu umeliwa kwa miongo mingi, na uchimbaji wa mchanga mitoni umeuzidishia njaa. Hoteli ya Africana iliondoka hivyo; leo jina lake linatajwa na makonda wa daladala tu.

Sasa samaki. Nenda Kunduchi Pwani asubuhi, ngalawa na mashua zikirudi. Mnada unakwenda kwa kasi, dalali anataja bei huku akikodolea macho vidole vya watu, na mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki wa kuuza, wanajua kabla yake fungu litaishia wapi. Chagua changu au tasi. Utamwona mama akimchanja ubavuni mara tatu, akimpaka chumvi na ndimu, kisha akimtelezesha kwenye karai la mafuta yanayotoa moshi mwembamba. Usimharakishe. Ngozi ikianza kujikunja kwenye machanjo ndipo anageuzwa, mara moja tu.

Mara ya mwisho niliwekewa wangu kwenye sahani ya plastiki yenye maua ya buluu. Nikamsogeza samaki kando, nikaiinua nichungulie kitako. China.

"Kaka," mama akaniambia, "huko chini unatafuta nini? Samaki yuko juu."