Kutegana Maswali ya Historia Barazani: Kazi Iko kwa Muulizaji

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa, na jioni, baada ya sala ya Isha, huketi na wenzangu kwenye baraza ya Mji wa Kale ambako kahawa chungu na kashata huenda pamoja na maswali ya maarifa ya jumla. Kila mmoja huja na maswali yake, akawatega wenzake, kisha naye akategwa. Kwa kuwa historia ndiyo taaluma yangu, aghalabu huombwa niamue nani amepata na nani amekosa, na kutokana na kuamua huko nimetambua kwamba mabishano mengi hayaletwi na ujinga wa anayejibu, bali huletwa na uzembe wa anayeuliza. Kwa hiyo nitazungumzia kazi ya muulizaji.

Chukua swali ambalo halikosekani katika mabaraza: ni nchi gani ya Afrika iliyokuwa ya kwanza kupata uhuru? Muulizaji huwa na jibu moja tu mfukoni, nalo ni Ghana, iliyoanza kujitawala tarehe 6 Machi 1957. Mtu aliyesoma kidogo husema Ghana na kupewa alama yake. Aliyesoma zaidi hukumbuka kwamba Sudan ilikuwa huru tangu tarehe 1 Januari 1956, kwamba Moroko na Tunisia zilifuata mwezi Machi wa mwaka huohuo, kwamba Libya ilizitangulia zote hizo mnamo Desemba 1951, kwamba Uingereza iliitambua Misri kuwa dola huru mwaka 1922 ingawa majeshi yake hayakuondoka, na kwamba Liberia ilijitangazia uhuru mwaka 1847. Mtu huyo ama atanyamaza akiwaza, ama atataja Liberia na kuambiwa amekosa. Swali la namna hii lina aibu kubwa kuliko zote: linamwadhibu anayejua. Dawa yake si kulitupa, ila ni kulifunga kwa masharti yake: ni koloni gani la Uingereza katika Afrika Magharibi lililotangulia mengine kupata uhuru, na kabla ya hapo lilijulikana kwa jina gani? Hapo jibu ni moja tu, yaani Ghana, zamani Gold Coast, na hakuna msomi anayeweza kulipangua.

Maswali yote yanayouliza nani alikuwa wa kwanza yana hatari hiyo. Ukiuliza ni mwanamke gani Mwafrika aliyekuwa wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, baraza zima litamtaja Wangari Maathai, kwa fahari inayoeleweka, ilhali Nadine Gordimer wa Afrika Kusini aliipata ya fasihi mwaka 1991. Maathai ni wa kwanza kwa ile ya amani, mwaka 2004, na neno hilo moja la amani likidondoka, swali limeharibika. Vivyo hivyo kwa wanariadha wetu: wengi humpa Kipchoge Keino dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, kumbe katika michezo hiyohiyo ya mwaka 1968 mjini Mexico City, Naftali Temu alikuwa ameshaitwaa katika mita 10,000, siku kadhaa kabla ya Keino kushinda mita 1,500. Hili ninalipenda, maana kosa liko katika kumbukumbu ya watu na wala si katika maneno ya muulizaji, na huo ndio mtego halali.

Tatizo la pili ni swali lenye majibu mengi yaliyo sahihi kwa pamoja. Nani aliyejenga Fort Jesus? Wareno, atasema mmoja. Mwingine atamtaja Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan aliyechora ramani yake. Wa tatu, na mimi humwona ana haki kuliko wote, atasema ni mafundi na vibarua waliobeba mawe ya matumbawe, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Badala ya kuwagombanisha hao watatu, muulizaji mwenye ujuzi hutafuta upande wa jambo hilohilo ambao haujachakaa: ujenzi wa ngome ulipoanza mwaka 1593, mfalme wa Ureno alikuwa pia mfalme wa nchi gani nyingine? Hispania, kwa sababu kuanzia 1580 hadi 1640 mataji ya nchi hizo mbili yalivaliwa na mtu mmoja, na wakati huo alikuwa Philip wa Pili. Nimewaona watu waliozaliwa hatua chache kutoka ngome hiyo wakishangaa kusikia kwamba mfalme huyo ndiye aliyetuma merikebu za Armada dhidi ya Uingereza mwaka 1588.

Kuna majibu tunayorithishana bila mtu kuyachunguza, na haya ndiyo yanayonisumbua kuliko mengine kama mwanahistoria. Ni nani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498? Barazani hutajwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Oman, na wapo waliofundishwa hivyo shuleni. Hata hivyo, madai hayo yanatokana na mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, ilhali waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani huyo kuwa Mgujarati, na maandishi ya Ibn Majid mwenyewe hayasemi kwamba alisafiri na Mreno huyo. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali tena kwamba alikuwa yeye. Basi katika baraza letu kuna sharti kwamba muulizaji aeleze jibu lake amelitoa wapi, na asiyeweza kusema zaidi ya kwamba ndivyo watu wanavyosema hunyang'anywa swali lake.

Tukija kwenye maswali yenyewe, lililo zuri humwachia asiyejua njia ya kufikiri. Ndiyo maana sipendi kuuliza tarehe tupu, kwa kuwa anayeikumbuka anaikumbuka na asiyeikumbuka hana la kufanya ila kubahatisha. Afadhali kuuliza kipi kilitangulia kingine: Fort Jesus au Taj Mahal? Watu wengi huliona kaburi lile la India kuwa la kale zaidi, lakini ngome yetu ilikamilika mwaka 1596 na ujenzi wa Taj Mahal ulianza mwaka 1632. Au ulizia makadirio, na anayekaribia ndiye mshindi: Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696, ilichukua muda gani kuanguka? Wengi husema wiki, wenye ujasiri husema mwaka. Ilianguka Desemba 1698, karibu miezi 33 baadaye, na waliokuwa ndani waliuawa na maradhi kuliko walivyouawa na risasi.

Swali ninalolionea fahari linatoka kwa Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kulala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa. Aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba kulikuwa na tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama yake, ila ni tamu sana. Ni tunda gani hilo? Mtu asiyewahi kukifungua kitabu cha safari za Ibn Battuta anaweza kulipata kwa kuyakumbuka matunda yaliyompaka ulimi rangi utotoni. Ni zambarau. Hapo mzee asiyesoma shule yuko sawa na mhitimu wa chuo kikuu, na mara nyingi humshinda.

Namna nyingine ni swali la ngazi, ambalo muulizaji hutoa dokezo moja baada ya jingine, kuanzia gumu hadi jepesi, na alama hupungua kila dokezo linapoongezwa. Mfano: mtu huyu alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Kimya. Waingereza walimkamata mwaka 1916 na kumpeleka uhamishoni Seychelles na St. Helena. Bado kimya, ingawa kuna mmoja atakayepaza sauti kwamba St. Helena ni kisiwa cha Napoleon, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii. Kabla ya hapo aliishi Dar es Salaam chini ya hifadhi ya Wajerumani. Sasa wenye asili ya Unguja wanaanza kujongea mbele. Alikalia kiti cha usultani kwa siku mbili tu, Agosti 1896, na vita vilivyomwondoa havikutimia saa moja. Ni Khalid bin Barghash. Utamu wa swali hili ni kwamba kila dokezo ni habari kamili inayojitegemea, hivyo hata atakayeshindwa ataondoka na kitu.

Anayeshindwa kabisa hapa kwetu hutoa mji, kama katika vitendawili, lakini tumeongeza sharti: mji anaoutoa lazima autajie jambo moja la kihistoria la kweli. Akitoa Kisumu, kwa mfano, aseme kwamba reli ilipofika huko Desemba 1901, sehemu hiyo ilikuwa bado katika Himaya ya Uganda na ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka uliofuata, kwa hiyo Reli ya Uganda ilifika Uganda kweli.

Simu huwekwa kifudifudi hadi jibu litolewe, kisha huruhusiwa kwa kusuluhisha ugomvi. Lakini simu nayo haiokoi swali lililotungwa vibaya. Ukiuliza Afrika ina nchi ngapi bila kusema kwa mujibu wa nani, mmoja atasoma 54, ambazo ni wanachama wa Umoja wa Mataifa, na mwingine 55, ambazo ni wanachama wa Umoja wa Afrika, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. Tofauti ni Jamhuri ya Sahara Magharibi, na ndani yake limo swali lililo bora kuliko lile la kwanza: ni nchi gani iliyojiondoa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984 kwa sababu ya uanachama wa jamhuri hiyo, na ikarejea katika Umoja wa Afrika mwaka 2017? Jibu ni Moroko.